Maji ya Machano

Siku za Ijumaa Bi Mashavu hakuwa na haja ya kupiga hodi. Alianza kuita tangu mwanzo wa uchochoro, "Mize! Mize wee! Nshafika!" na kabla Bi Mize hajaitika "Naam," kikapu cha ukindu kilikuwa kishatua ukumbini: mihogo, nazi mbili, na pengine kipande cha samaki wa kuchoma kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Mwaka ule wa sabini na moja mchele mjini ulikuwa wa kupangiwa foleni, na aliyekuwa na jamaa shamba aliringa. Nyumba ya Bi Mize pale Mlandege ilikuwa ikila kwa kikapu hicho. Lakini Usi, mwanawe, ambaye kikapu kililetwa kwa ajili yake, kila aliposikia sauti ile alitamani ardhi ipasuke immeze. Na ardhi ndiyo aliyokuwa akiiogopa kuliko kitu chochote duniani.

Usi alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na mguu mmoja. Ule wa kulia ulikatwa juu ya goti katika hospitali ya bara, baada ya kukanyaga bomu lililofukiwa njiani huko mpakani kusini, karibu na Mto Ruvuma. Kikosi chao kilipelekwa kulinda mpaka, kwa sababu ng'ambo ya mto Wareno walikuwa wakipigana na wananchi wa Msumbiji, na moto wa jirani hauna adabu, haujui ukomo wa kiwanja chake. Mguu uliondoka, lakini haukuacha kumwasha. Kila alasiri unyayo usiokuwepo ulimwasha mpaka akakuna mkeka. Kidonda chenyewe kilipona vizuri. Kisichopona hakikuwa na jina pale mtaani: wengine walisema kaingiwa na pepo, wengine karogwa huko bara, na watoto, ambao huruma huja kwao baadaye pamoja na meno ya mwisho, wakamwita Mpima Viwanja, maana hakutua gongo lake mchangani mpaka aupapase kwanza, hapa, na hapa, na hapa tena. Kutoka Mlandege hadi Darajani ni hatua za kuhesabu. Yeye zilimchukua nusu saa.

Akishavuka barabara na kuingia Mji Mkongwe, mwili wake ulilegea. Vichochoro vya huko vimetiwa saruji, na mtu hawezi kufukia kitu chini ya saruji asiache alama. Alikuwa na kazi kwa fundi mmoja Mkunazini, kutarizi shingo za kanzu, kazi ya kukaa na sindano. Huko alikuwa mtu kamili kwa saa kadhaa. Kisha ikambidi arudi nyumbani, apapase mchanga upya.

Alikuwa na mke pia, Wanu, mtoto wa Kiwengwa, mwanamke mpole. Mchana mmoja wamelala, Wanu akamgusa bega ili amwamshe kwa sala, na Usi akaamka mikono yake ikiwa kooni mwa mkewe. Wanu hakupiga kelele wala hakumshtaki kwa mtu. Alikusanya nguo zake, akamuaga mkwewe kwa adabu, akarudi kwao. Bado alikuwa akituma salamu, wala hakuna aliyetaja talaka, na hakuna aliyetaja kurudi.

Sasa huyu Bi Mashavu hakuwa mtu baki. Usi alizaliwa Muyuni, kusini ya Unguja, na alipozaliwa mama yake alishikwa na homa ya uzazi, akawa wa kufa leo, wa kufa kesho. Bi Mashavu, jirani, alikuwa na mwanawe Machano wa miezi miwili. Akamchukua na Usi. Siku arubaini aliwapakata wote wawili, huyu ziwa hili na huyu ziwa lile. Kwa hivyo Usi na Machano wakawa ndugu wa ziwa, na ndugu wa ziwa ni ndugu, huwezi hata kumwoa dada yake. Na Bi Mashavu akawa mama kwa sheria, si kwa heshima tu. Hata Bi Mize alipohamia mjini wale watoto waliendelea kwenda na kurudi. Wakaingia jeshini pamoja, siku moja. Machano hakuwa na hamu ya jeshi. Alisema tu, "Nnakwenda anakokwenda Usi," kama vile ni kwenda Darajani kununua urojo.

Habari za kifo cha Machano zilifika Muyuni kwa barua ya mistari miwili: amefariki akiwa kazini. Hapakutajwa kaburi. Miezi mitatu baadaye Usi akashuka melini na gongo lake, na siku ya pili tu Bi Mashavu akaja Mlandege.

Bi Mize alimwahi mwanawe chumbani. "Atakuuliza kama Machano kakoshwa," alimnong'oneza. "Mwambie ndiyo. Uongo wa kumtuliza mzazi Mungu hauandiki."

Alijua anachokisema. Bi Mashavu alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa Muyuni kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna bibi, hakuna mwari aliyezikwa kule bila kupita mikononi mwake. Mwosha huoshwa, wanasema watu, na Bi Mashavu hakuwa na wasiwasi na zamu yake mwenyewe. Kilichomnyima usingizi ni mwanawe. Mwalimu wa chuo cha Kurani alijaribu kumwambia kuwa aliyekufa vitani haoshwi, anazikwa na damu yake. Akamjibu kwamba hajasikia mtu akitangaza vita, mwanawe alikuwa akilinda mpaka, basi lazima awe ameoshwa. Mwalimu akayaacha hapo, maana na yeye alikuwa na mama.

"Mlimkosha?" Bi Mashavu aliuliza siku ile, hata kabla hajakaa.

"Tulimkosha, mama," alisema Usi. "Tukamkafini, tukamsalia. Mie mwenyewe nilikuwapo." Na ili apate kuwapo, akasema mguu wake uliumia siku tatu baadaye, mahali pengine.

Bi Mashavu alilia kilio cha shukurani. Akaishika mikono ya Usi, akaibusu mbele na nyuma. "Mikono hii," alisema. "Mikono hii ndiyo iliyomgusa mwanangu mwisho."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Usi haikuwa fupi hata kidogo. Aliitembea miezi minane, Ijumaa kwa Ijumaa, kwa mguu mmoja.

Kwa sababu Bi Mashavu alirudi. Alipanda gari ya shamba alfajiri, akapita Jozani kukiwa bado na umande, na kabla ya sala ya Ijumaa alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Bi Mize. Kila mara aliuliza kidogo zaidi. Si kwamba alimshuku. Alitaka kusikia.

"Hata angefia kitandani kwangu," alimweleza Usi, "nisingemkosha mie. Wangemkosha wanaume. Lakini ningekaa nyuma ya pazia, nikasikia maji. Nshawakosha watoto wa watu wangapi, mama zao wamekaa nje wakisikiliza maji yangu? Hebu niambie, mwanangu. Maji yalikuwaje?"

Basi Usi akampa maji. Ijumaa ya kwanza akampa kijito chenye maji baridi yanayopita juu ya mawe. Ijumaa ya pili mtungi mkubwa, ulioazimwa katika kijiji cha Wayao, Waislamu wenzetu. Halafu akampa mzee wa kijiji mwenye ndevu nyeupe aliyejua taratibu zote, akaanza upande wa kulia, akafuata wa kushoto. Akampa vitambaa vitatu vyeupe, na hapo alisema kwa uhakika, maana nguo ni kazi yake: upana kiasi gani, vimechanwa vipi, vimefungwa wapi. Akampa safu mbili za watu wakimsalia. Akampa kaburi chini ya mkungu. Kila alichopewa Bi Mashavu alikipokea kwa macho yaliyofumbwa, akiitikia kwa kichwa polepole, na alipoondoka alikuwa mwepesi kuliko alivyokuja. Alinenepa. Akarudi kwenye kazi yake ya kuosha, aliyokuwa ameiacha. Watu wa Muyuni wakasema, mwangalieni Mashavu, msiba umemtoka.

Ulimtoka ukamwingia mwingine. Akishaondoka, Usi alikwenda uwani akatapika mihogo yote aliyolishwa. Bi Mize alimshika paji la uso. Yeye ndiye aliyempa uongo ule mkononi, na sasa hakujua namna ya kumpokonya.

Ijumaa ninayotaka kuisimulia, Bi Mashavu alichelewa. Alifika alasiri, bila kikapu, nguo zake zikinukia karafuu maiti. Kule Michenzani tingatinga lilikuwa likivunja nyumba za zamani kupisha majumba mapya ya ghorofa, na alipokuwa akivua viatu ukuta mmoja ukaanguka kwa kishindo. Alipoinua macho Usi hakuwapo kitini. Alikuwa chini ya meza, amejikunja, mikono kichwani, suruali imelowa.

Mwingine angeangalia pembeni. Bi Mashavu alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya meza, akamvuta taratibu kama mtu anavyomtoa kuku aliyejificha. Akakiweka kichwa chake mapajani mwake. Bi Mize alikuwa uwani akikuna nazi, na mbuzi ya nazi ilisikika, kwaru, kwaru, bila kusita.

"Tulia, baba. Ukuta tu huo. Waache wavunje."

Wakakaa hivyo muda mrefu. Moyo wa Usi ukarudi mahali pake. Aliona haya, lakini haya ilikuwa kitu kidogo. Kikubwa ni kwamba mkono ule ulikuwa ukimpapasa nywele, na hakuna mtu aliyempapasa hivyo tangu Wanu aondoke.

"Leo nimemkosha binti mdogo," alisema Bi Mashavu, sauti yake imechoka. "Kafa kwa uzazi, yeye na kichanga. Nilipokuwa nikimkamua tumbo, nikakumbuka: hilo hujaniambia. Nani alimkamua Machano? Maana tangu mdogo tumbo lake lilikuwa jepesi kuuma. Alimkamua kwa upole?"

Kila mwosha angeuliza. Kabla ya maji, tumbo la maiti hukandwa kidogo kidogo ili litoe kilichobaki, kisha ndiyo aoshwe. Ni jambo la kawaida kabisa. Usi angeweza kusema, yule mzee alimkamua, kwa upole sana, mama. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini neno lile, tumbo, lilifungua mlango aliokuwa ameusukuma kwa bega miezi minane. Akamwona Machano ameegemea kichuguu, mikono yote miwili ameikinga chini ya kifua kama mtoto aliyebeba maembe kwenye upindo wa shati. Hayakuwa maembe aliyoyashika. Yalikuwa yakimponyoka, na yeye akiyarudisha ndani, taratibu, kwa uangalifu, akimtazama Usi.

"Hakuna aliyemkamua," alisema Usi.

"Vipi?"

"Hatukumkosha, mama. Hatukumkafini. Hatukumsalia. Yote nilikuongopea."

Mkono kichwani pake ukasimama. Haukuondoka, ila ulisimama.

"Sema," alisema Bi Mashavu.

Akasema. Alisema huku akiangalia miguu ya meza, kwa sababu uso wa mama yule hakuweza kuutazama. "Mguu uliokanyaga ni huu wangu. Hakuna siku tatu wala nini, ilikuwa saa ile ile. Mie nilitangulia, yeye nyuma anafuata nyayo zangu, ndivyo tulivyofundishwa. Tulikuwa watu sita. Bomu likatupata sote wawili. Hapo hapo Wareno wakaanza kutupiga kutoka ng'ambo. Machela ilikuwa moja, na watu wa kuibeba wanne tu. Mie nilikuwa napiga makelele. Yeye kanyamaza. Mkubwa wetu akasema, mchukueni huyu anayelia, yule keshakwisha. Wakanichukua mie."

"Na Machano?"

"Wakamwacha."

Uwani mbuzi ya nazi ilikuwa bado ikikwaruza.

"Alikuwa kafa?" aliuliza Bi Mashavu.

Hapo, jamani, hapo ndipo angesema ndiyo. Neno moja. Lakini alikuwa amechoka na uongo kama mtu anavyochoka na jino bovu, anataka ling'olewe hata kwa koleo. Tena alikuwa akitaka jambo jingine, ambalo hajamwambia mtu: alitaka alaaniwe. Mama wa ziwa ana radhi zake, na akizivua huna pa kujificha. Usi aliona kwamba akilaaniwa atapumzika, kwamba kitu kile kinachomfuata tangu Ruvuma kitakuwa kimempata, na yataisha.

"Hapana," alisema. "Alikuwa akipumua. Alinitazama mpaka waliponigeuza. Angepiga kelele kama mie wangemchukua, mama. Kilichoniokoa mie ni makelele tu."

"Hawakumrudia?"

"Walirudi siku ya pili, alfajiri. Hawakumkuta."

Akasubiri. Alikuwa na maneno zaidi, yamepangana nyuma ya ulimi: kwamba porini kule kuna fisi, kwamba mtu mwenye tumbo lile hafiki hata magharibi. Alijipa pumzi moja kabla ya kuyatoa. Pumzi moja tu ndiyo iliyomponza.

"Hawakumkuta," alisema Bi Mashavu polepole.

"Hawakumkuta, mama."

"Alikuwa akipumua, na asubuhi hayupo." Alikitoa kichwa cha Usi mapajani, akainuka. Usi akageuka kuutazama uso wake hatimaye, tayari kwa laana, na akakuta uso asioujua. Ulikuwa wa msichana. Macho yalimng'ara, mdomo unatetemeka, na mdomo huo ulikuwa ukicheka. "Basi kaondoka! Mtu anapumua jioni, asubuhi hayupo, huyo kaondoka! Kaokotwa! Si ndo kile kijiji cha Wayao? Si ndo yule mzee?"

"Hakuna mzee, mama. Mzee nilimtunga."

"Kama si yeye mwingine. Waislamu wenzetu, watamwacha mtoto wa watu?" Hakuwa akisikia tena. Alikuwa akizunguka ukumbini, mara amekaza kanga, mara ameilegeza. "Ya Rabbi, nami nimemsomea hitima! Nimemlia mtu mzima wa afya yake! Nguo zake nimezigawa zote, akirudi avae nini? Na mwezi ujao nilikuwa nshaagiza mbuzi wa mwaka wake. Mtu aliye hai hasomewi, Usi. Ni mkosi."

"Mama, nisikilize. Mguu ulikuwa wangu. Mie ndiye—"

"Mguu!" Aliupunga mkono kama anafukuza nzi. "Nani anauliza mguu?" Akapiga magoti tena mbele yake, akaishika mikono yake, akaibusu, mbele na nyuma, kama Ijumaa ile ya kwanza, lakini kwa pupa. "Mungu akupe kheri, mwanangu. Mungu akupe kheri. Ungeendelea kunificha, ningemzika mwanangu yuhai."

Usi hakuwahi kufikiri kwamba ukweli nao unaweza kukosa shabaha. Alikuwa ameulenga moyoni mwake mwenyewe. Alimtazama mwanamke yule aliyemnyonyesha siku arubaini, akajua kwamba kuanzia kesho atakwenda kituo cha gari kila asubuhi. Kwamba atauliza kila mwanajeshi anayepita. Kwamba hatamsomea tena mwanawe, wala hatalia, wala hatamaliza. Uongo wake ulikuwa umempa kaburi. Sasa alikuwa amemnyang'anya. Bado kulikuwa na njia ya kumrudishia, na njia hiyo ilikuwa maneno machache.

"Tumbo lake, mama," alisema.

"Ehe?" Bi Mashavu aliinamisha kichwa, yote masikio. Bado alikuwa akitabasamu. "Tumbo lake lina nini?"

Usi alifungua mdomo. Aliyaona yale aliyoyashika Machano, aliiona mikono ikiyarudisha ndani. Aliuona pia uso ulio mbele yake, umekaa karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgusa, na akajaribu kuwaza utakuwaje akishasema. Akatafuta ndani yake mtu wa kuufanya uso ule uwe hivyo. Hakumpata.

"Halikuwa na neno," alisema. "Halikuwa na neno, mama."

Uongo huu hakufundishwa na mtu.

Bi Mashavu akasimama katikati ya ukumbi, akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Mwanamke mwenye miaka hamsini na ushei, anayenukia karafuu maiti, alipiga kigelegele kirefu cha harusini, kikapenya madirishani, kikaenda mpaka mwisho wa uchochoro, na mtaa mzima ukanyamaza kukisikiliza.

Mbuzi ya nazi ikasita. Bi Mize akatokea mlangoni na vidole vyeupe kwa nazi. "Kuna nini?"

"Machano yuhai!" alipiga ukelele Bi Mashavu. "Mize, mwanetu yuhai! Hakufa! Muulize mwenyewe!"

Bi Mize alimgeukia mwanawe aliyekaa sakafuni. Hakumuuliza kwa mdomo. Usi alitikisa kichwa kukana, mara moja, kidogo sana.

Kigelegele hakiachwi peke yake. Mwenzio akikipiga unakipokea, hata kama humjui, hata kama unapita njia. Usipokipokea umemtangazia mbele ya watu kwamba furaha yake ni bure. Bi Mashavu alikuwa amesimama akimwangalia shoga yake, mikono wazi, akingoja. Bi Mize alifuta vidole kwenye kanga, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaufunika mdomo wake kwa kiganja, na machozi yakimshuka mpaka shingoni, akakipokea.